Akiba ya majibu katika seva wakala

akiba ya majibu nm [i-/zi-] (kompyuta) nakala za majibu ya tovuti ambazo seva wakala huziweka kwa muda ili izitoe kwa waombaji wanaofuata pasipo kurudi kwenye seva ya chanzo. *Akiba imejaa. Ukurasa huu umetoka akibani.* Kitenzi: -akibisha. Pia: kache.

Katika matumizi ya kila siku akiba ni kitu kinachowekwa kando kwa ajili ya baadaye: fedha za benki, nafaka ya ghalani, hata maneno, kwani mtu huonywa aweke akiba ya maneno asije akajuta. Methali husema akiba haiozi. Akiba ya kompyuta huoza, tena upesi: nakala ya ukurasa wa bei iliyochukuliwa saa mbili asubuhi yaweza kuwa ya uongo saa mbili na dakika tano. Neno lilipohamia kwenye kompyuta lilichukua nusu ya maana yake, ile ya kuweka kando, likaiacha nyuma ile ya kudumu. Nusu iliyoachwa imebebwa na neno hifadhi. Hifadhidata hutunza taarifa zisizopaswa kupotea, ilhali kilicho akibani chaweza kufutwa wakati wowote na hakuna kitakachopotea ila muda wa kukichukua upya. Kusema kwamba seva wakala "imehifadhi" ukurasa si kosa la sarufi, lakini humdokezea msomaji udumifu usiokuwepo. Imeuakibisha, au imeuweka akibani, ndiyo kauli iliyo bora.

Umbo kache, lililotoholewa kutoka Kiingereza, limezoeleka katika mazungumzo ya mafundi na halina ubaya. Akiba limepewa nafasi ya kwanza hapa kwa sababu ndilo ambalo menyu za simu zimewazoesha watu, hasa katika agizo "futa akiba".

Seva wakala na mahali pake

Seva wakala, ambayo wengi huiita proksi, husimama kati ya kivinjari na seva ya chanzo, yaani ile iliyo na ukurasa wenyewe. Hapo awali ilikaa zaidi upande wa wasomaji. Kabla ya nyaya za baharini kufika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, mawasiliano ya intaneti na nchi za nje yalitegemea mno setilaiti zilizo kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta, na swali moja na jibu lake vilikula nusu sekunde au zaidi njiani. Taasisi yenye wasomaji wengi na mkondo mwembamba ilinufaika kwa kuweka programu kama Squid: mwanafunzi wa kwanza alisubiri, wa pili akapewa nakala. Siku hizi mawasiliano mengi husimbwa kwa HTTPS, na wakala aliye katikati ya njia hawezi kusoma kilichomo. Kwa hiyo akiba ya pamoja imehamia upande wa pili, mbele ya tovuti yenyewe, ambako mwenye wakala na mwenye tovuti ni mmoja. Miongoni mwa programu zinazofanya kazi huko ni Varnish, iliyotoka mwaka 2006, na nginx ya Igor Sysoev, iliyotoka mwaka 2004. Mifano ya makala hii ni ya nginx.

Kuweka, kutoa na kushirikisha

Nakala iliyo akibani huongozwa na ruhusa tatu ambazo hazipaswi kuchanganywa: ruhusa ya kuiweka, ruhusa ya kuitoa bila kuuliza, na ruhusa ya kumpa mtu mwingine asiye yule aliyeiomba kwanza. Seva ya chanzo huzitangaza ruhusa hizo katika vichwa, yaani mistari ya maelezo inayotangulia jibu, na kichwa kinachohusika zaidi kinaitwa `Cache-Control`. Kanuni zake za sasa zimo katika waraka RFC 9111 wa Juni 2022, uliochukua nafasi ya RFC 7234 wa mwaka 2014. Maagizo yanayoandikwa humo ni maneno mafupi ya Kiingereza, na tatizo la mfasiri huanzia hapo, kwa maana baadhi yake hayasemi yanachoagiza.

Linalopotosha kuliko yote ni `no-cache`. Likifasiriwa kwa sura yake hutoa "usiakibishe", jambo ambalo siyo maana yake. Kanuni inaruhusu nakala iwekwe. Inachokataza ni kuitoa kabla ya kuiuliza seva ya chanzo kama nakala hiyo bado ni sahihi. Tafsiri ya haki ni "uliza kwanza". Katazo la kuweka lipo, lakini jina lake ni `no-store`, "usiweke". Zahanati inayoandika `no-cache` kwenye ukurasa wa majibu ya maabara kwa kudhani imezuia nakala, imezuia tu nakala isitolewe bila kuuliza. Nakala yenyewe yaweza kubaki ndani ya diski ya kompyuta ya dukani ambako mgonjwa aliufungua ukurasa wake. Palipokuwa na siri pangeandikwa `no-store`.

Agizo la kuuliza kwanza halina hasara kubwa kama linavyosikika. Jibu la chanzo huweza kubeba alama iitwayo `ETag`, mfano wa muhuri wa toleo. Wakala akiuliza upya huipeleka alama hiyo, na chanzo kikiona haijabadilika hujibu kwa namba 304 na vichwa vitupu, bila kurudia ukurasa wenyewe. Safari moja hulipwa, mzigo haulipwi. Katika nginx uhakiki wa namna hii, kwa nakala ambazo muda wake umepita, huwashwa kwa `proxy_cache_revalidate on`.

Hata hivyo nginx haifuati tofauti hiyo ya kanuni neno kwa neno. Ikikuta `no-cache`, `no-store` au `private` katika jibu la chanzo, yote matatu huyapokea kama katazo la kuweka. Ni ukali ulio upande wa usalama, lakini humfanya fundi aliyejifunza kwa nginx pekee aamini kwamba maagizo hayo ni visawe. Sivyo vilivyo katika kivinjari, ambacho hufuata kanuni.

Neno `private` nalo lina mtego wake. Wafasiri huvutwa na "faragha" au "siri", na msomaji akadhani jibu limefichwa kwa namna fulani. Agizo hili halifichi kitu. Linasema tu kwamba nakala ni ya mwenyewe: kivinjari cha mwombaji chaweza kuiweka, akiba ya pamoja haiwezi. "Ya mwenyewe" kwa `private` na "ya wote" kwa `public` ni tafsiri zinazosema kilichoagizwa bila kuahidi zaidi.

Maagizo ya muda hayana utata. `max-age=600` humpa kila mwenye nakala sekunde 600; `s-maxage` huzungumza na akiba ya pamoja peke yake na, palipo na yote mawili, ndilo linaloifunga.

Hai na kulala

Kwa nakala ambayo muda wake haujaisha, kivumishi hai hutosha. Kwa ile iliyopitwa na muda Kiswahili kina neno zuri zaidi ya "iliyokwisha muda", nalo hutoka jikoni: imelala, kama mkate uliolala. Mkate uliolala si sumu. Aliyekuta duka limefungwa huula na kushukuru, na kiporo kimewavusha wengi asubuhi. Msimamo huohuo umo katika kanuni: nakala iliyolala haifutwi kwa kulala kwake, ila huhitaji sababu ya kutolewa. Waraka RFC 5861 wa mwaka 2010 ulieleza sababu mbili, `stale-if-error`, yaani toa iliyolala ikiwa chanzo kimeshindwa, na `stale-while-revalidate`, yaani toa iliyolala huku mpya ikitafutwa. Anayetaka kufunga mlango huo huandika `must-revalidate`: ikilala, isitolewe pasipo kuuliza.

Mfano wa manufaa yake ni siku ya kutangazwa matokeo ya mitihani. Ukurasa wa shule moja huwa ni uleule kwa kila anayeufungua, na waufunguao huja kwa pamoja. Tuseme maombi 500 kwa sekunde yanafika, na nakala imepewa uhai wa sekunde moja tu. Seva ya chanzo itaulizwa mara moja kwa sekunde badala ya mara 500, na hakuna mzazi atakayeona matokeo yaliyochelewa kwa kiasi cha kumdhuru. Wengi hudhani kuwa akiba ya sekunde moja ni mzaha. Kwa tovuti yenye msongamano ndiyo inayoizuia kuanguka.

Usanidi wenyewe

Mistari ifuatayo yatosha kuanzia:

```
proxy_cache_path /var/cache/nginx levels=1:2
    keys_zone=akiba:10m max_size=2g inactive=60m;

server {
    location / {
        proxy_pass http://127.0.0.1:8080;
        proxy_cache akiba;
        proxy_cache_valid 200 1m;
        proxy_cache_lock on;
        proxy_cache_use_stale error timeout updating;
        add_header X-Cache-Status $upstream_cache_status;
    }
}
```

Mstari wa kwanza hutaja folda ya nakala na kuipa akiba jina. Megabaiti 10 za `keys_zone` si ukubwa wa akiba. Ni kumbukumbu ya faharasa yake, na megabaiti moja hubeba funguo 8,000 hivi. Ukubwa wa nakala zenyewe kwenye diski ni `max_size`. Makosa mengi huzaliwa na `inactive=60m`, ambayo husomwa kana kwamba ni uhai wa nakala. Ni muda wa kupuuzwa: nakala isiyoombwa na yeyote kwa dakika 60 huondolewa hata kama ingali hai, na inayoombwa kila dakika hubaki diskini hata ikiwa imelala. Fundi anayetoa uhai wa siku nzima na kuacha `inactive` ya saa moja hushangaa kurasa zake zisizo na wasomaji wengi zikipotea mapema.

`proxy_cache_valid 200 1m` huwapa majibu yenye namba 200 uhai wa dakika moja, lakini ni neno la mwisho kusikilizwa. Chanzo kikitaja muda katika kichwa `X-Accel-Expires` hicho ndicho hufuatwa. Kisipokuwepo husomwa `Cache-Control` au `Expires`. Na vyote vikikosekana ndipo mstari huu unapopata nguvu. Anayeubadilisha pasipo kuona mabadiliko yoyote akague kwanza vichwa vya chanzo.

`proxy_cache_lock` huhusu dakika ile ambayo nakala haipo na watu mia wanaitaka. Bila kufuli hiyo wote mia hupelekwa kwenye chanzo. Ikiwapo, mmoja huenda na wengine humngoja, ingawa si milele: kwa kawaida baada ya sekunde 5 nao huruhusiwa kupita, na majibu yao hayawekwi. `proxy_cache_use_stale` ndiyo ruhusa ya kiporo, ikitaja hitilafu, kuchelewa kwa chanzo, na nakala inayosasishwa.

Ufunguo

Ufunguo ni kwa akiba kama kidahizo kwa kamusi: ndipo nakala inapotafutwa. Kwa kawaida nginx huuunda kwa itifaki, jina la seva inayopelekewa ombi, na anwani ya ukurasa pamoja na vigezo vyake. Kamusi yenye kidahizo kimoja *paa* bila namba wala maelezo ingemchanganyia msomaji paa la nyumba na paa wa porini. Akiba nayo huchanganya kila kinachotofautisha majibu kikiwa hakimo katika ufunguo.

Tovuti ya lugha mbili huonyesha jambo hili vizuri. Ikiwa ukurasa mmoja hujibu kwa Kiswahili au Kiingereza kulingana na kichwa `Accept-Language` cha kivinjari, na anwani ni ileile, mtu wa kwanza kufika ndiye atakayewachagulia lugha wote wanaofuata hadi nakala ilale. Chanzo huweza kujikinga kwa kutuma `Vary: Accept-Language`, na nginx imekiheshimu kichwa hicho tangu toleo 1.7.7. Dawa hiyo ina gharama, kwa sababu vivinjari huandika lugha kwa namna nyingi: kimoja hutuma `sw`, kingine `sw-TZ,sw;q=0.9,en;q=0.8`, na kila maandishi tofauti huzaa nakala yake. Ni afadhali lugha iwe katika anwani, `/sw/` na `/en/`. Hapo kila ukurasa una kidahizo chake, na hata anayemtumia mwenzake kiungo hujua kitafunguka kwa lugha gani.

Ukurasa wa mtu mikononi mwa mwingine

Lugha iliyokosewa huudhi. Akaunti iliyokosewa hudhuru. Tarehe 25 Desemba 2015 duka la michezo ya kompyuta la Steam, mali ya kampuni ya Valve ya Marekani, lilikuwa likishambuliwa kwa mafuriko ya maombi, na kanuni za akiba zilibadilishwa na kampuni mshirika ili kulipunguzia mzigo. Usanidi mmojawapo ulikosea ukaziweka akibani kurasa za wateja waliokuwa wameingia katika akaunti zao. Kwa muda wa saa moja na nusu hivi watu walifungua duka wakakuta kurasa za wengine, zikiwa na anwani za malipo, orodha za manunuzi, barua pepe, na tarakimu mbili za mwisho za kadi. Valve ilieleza baadaye kwamba walioathirika walikuwa wapatao 34,000. Hakuna nywila iliyoibwa. Akiba ilifanya kazi yake ya kutoa nakala, ila nakala hizo hazikuwa za kushirikishwa.

Katika nginx kosa la ukoo huo laweza kufanyika kwa mstari mmoja uliosahauliwa. Kidakuzi kinachomtambulisha mteja hakimo katika ufunguo wa kawaida. Ni kweli kwamba nginx hukataa kuweka jibu lililo na kichwa `Set-Cookie`, na wengi hupumzika hapo. Lakini kichwa hicho mara nyingi hutumwa wakati wa kuingia tu. Kurasa zinazofuata huja bila hicho, nazo ndizo zenye jina la mtu. Chanzo kisipoandika `private` wala `no-store`, `proxy_cache_valid` itaziweka.

Maagizo mawili huzuia hali hiyo, na majina yao yanarudisha ule utata wa awali. `proxy_cache_bypass` humaanisha "usitoe akibani": ombi hili liende moja kwa moja kwenye chanzo. `proxy_no_cache` humaanisha "usiweke akibani": jibu hili lisiachwe hapa. Msomaji ataona kwamba `no_cache` ya nginx ni `no-store` ya kanuni, wala si `no-cache` yake. Maneno ni yaleyale, yakitenganishwa na kistari, na amri ni mbili tofauti. Ikiwa kidakuzi cha akaunti kinaitwa `kikao`, yote mawili huandikwa:

```
proxy_cache_bypass $cookie_kikao;
proxy_no_cache $cookie_kikao;
```

Akiandika la pili peke yake, fundi atapata malalamiko ya wateja walioingia wakaonyeshwa ukurasa wa wageni, kwa sababu wanapewa nakala ya pamoja. Ni kero, siyo hatari. Akiandika la kwanza peke yake, mteja aliyeingia ataona ukurasa wake sahihi kila mara, majaribio ya ofisini yatapita, na kila ukurasa wake utawekwa kimya kimya juu ya nakala ya wageni, ukimngoja mgeni afuataye. Kosa lililo baya ndilo lisilomsumbua anayejaribu.

Ulinzi ulio imara zaidi huanza kwenye chanzo: kila ukurasa wenye jina la mtu utoke na `private` au `no-store`, na seva wakala isiamriwe kupuuza vichwa hivyo. Agizo la kupuuza lipo, `proxy_ignore_headers`, nalo hunakiliwa ovyo kutoka usanidi mmoja hadi mwingine kwa sababu huifanya akiba ionekane inafanya kazi vizuri zaidi. Linapokutwa katika faili la zamani, sababu yake itafutwe kabla halijaachwa libaki. Vilevile ikumbukwe kwamba akiba ya seva hufutika kwa kufuta folda, lakini nakala iliyokwisha kufika kwenye simu ya mtu haiitiki amri ya mwenye tovuti hadi ilale.

Kuhakiki

Kichwa `X-Cache-Status` katika mfano wa hapo juu hutangaza kilichotokea: `MISS`, imekosekana akibani, `HIT`, imepatikana, `EXPIRED`, ilikuwa imelala na mpya imeletwa, `STALE`, imetolewa ikiwa imelala, `BYPASS`, akiba imepitwa. Jaribio la kutosha hufanywa kwa ukurasa ambao haujafunguliwa na mtu tangu akiba ifutwe, kwa kutumia kikao cha akaunti ya majaribio. Uombwe kwanza ukiwa na kidakuzi, kisha mara moja bila hicho:

```
curl -sI -H 'Cookie: kikao=...' https://mfano.example/agizo
curl -sI https://mfano.example/agizo
```

Ombi la kwanza litoe `BYPASS` na la pili `MISS`. Likitoa `HIT`, hakuna mgeni aliyekuwa ameuomba ukurasa huo kabla, kwa hiyo nakala iliyotolewa ni ya yule mwenye akaunti.